Maswali Yenu: Dodoso la Mitindo, Mashine Tatu za Presha na Hesabu za Dripu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka vyuo vya afya na wodini. Tumechagua sita. Kwa kiasi kikubwa zinazunguka jambo moja, yaani namna ya kumfundisha kila mwanafunzi kwa njia inayomfaa, kwa hiyo tunaanza na ile iliyouliza waziwazi.

Shikamooni wahariri. Chuo chetu cha uuguzi kimeagizwa kuwapa wanafunzi wote 86 wa mwaka wa kwanza dodoso la mitindo ya kujifunza, kisha tuwagawe makundi manne: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Kila kundi lifundishwe kwa mtindo wake. Wakufunzi wa somo tuko wawili tu. Tuanzie wapi?
*Mkufunzi, Morogoro*

Marahaba, mkufunzi. Anzeni kwa kutowagawa.

Kwa maelezo yako, dodoso hilo ni VARK, lililobuniwa na Neil Fleming huko Nyuzilandi na kuelezwa katika makala aliyoandika na Colleen Mills mwaka 1992. Lina maswali 16, na yote yanamuuliza mtu anapenda kupokea maelezo kwa njia gani. Halipimi anajifunza vizuri kwa njia ipi. Wengi wakilijaza hutoka na mchanganyiko wa mitindo miwili au zaidi, kwa hiyo hata hayo makundi manne hayatajigawa yenyewe; mtalazimika kuwasukumiza watu humo. Na VARK si peke yake. Watafiti wa Uingereza walioikagua mifumo ya aina hii mwaka 2004 walihesabu 71, na mwanafunzi mmoja anaweza kupata jina tofauti katika kila mmoja.

Agizo lenu linasimama juu ya dai kwamba mwanafunzi akifundishwa kwa mtindo wake atafaulu zaidi. Dai hilo linapimika. Chukua wa kuona na wa kusikia, wagawe kwa kura, nusu ya kila kundi wafundishwe kwa picha na nusu kwa maelezo ya mdomo, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Dai likiwa kweli, wa kuona watang'ara kwa picha na wa kusikia kwa maelezo. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walizipekua tafiti zilizokuwepo na kukuta kwamba zilizopangwa hivyo ni chache mno, na baadhi ya hizo chache zililikana dai lenyewe. Baadaye, Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, Polly Husmann na Valerie O'Loughlin waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 400 wa anatomia. Wengi hawakujisomea kwa mtindo waliotajiwa na dodoso, na waliojisomea hivyo hawakuwazidi wenzao alama.

Katika fani za afya kuna ubaya wa ziada. Ukimwambia binti wa miaka kumi na minane kwamba yeye ni "wa kusoma", umempa sababu ya kusimama nyuma wenzake wakisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kwa fetoskopu. Sauti ile haina toleo la kusomwa.

Kinachoamua mbinu ni kile kinachofundishwa. Nyonga ya mama hufundishwa kwa picha na kwa mfupa unaoshikika. Mapafu hufundishwa kwa sikio, sindano kwa mkono, dozi kwa kalamu na karatasi, na ushauri nasaha kwa maigizo ya wawili wawili huku wa tatu akisikiliza. Wanafunzi wote 86 wapitie vyote.

Wanafunzi hutofautiana, hilo hatulibishii. Ila tofauti yenye uzito kwa mwalimu ni kile ambacho kila mmoja tayari anakijua. Badala ya dodoso, wapeni jaribio la dakika 20 lenye maswali kumi: miligramu ngapi ziko kwenye gramu, mapigo ya kawaida ya mtu mzima ni mangapi, damu inatoka moyoni kwa mshipa gani, sentensi mbili za Kiingereza cha kitabu waeleze maana yake kwa maneno yao, na kadhalika. Hapo mtaona waliomaliza fizikia na hesabu vizuri na wasioijua desimali. Hao wa pili wanahitaji mifano iliyokwisha kufanywa hatua kwa hatua. Wa kwanza mkiwapa mifano hiyohiyo watasinzia. Wapeni maswali moja kwa moja.

Kama agizo halirudishwi, basi jazeni dodoso, mpeni kila mtu lake akae nalo, lisiingie kwenye faili la chuo wala kwenye orodha ya makundi.

Habari zenu. Mimi niko mwaka wa pili wa utabibu na ni mtu wa kuona. Madesa yangu yote nimeyapaka rangi, njano kwa dawa na waridi kwa dalili, na video naangalia sana. Napiga msuli hadi saa nane za usiku. Famakolojia (somo la dawa) nimekula sapu, yaani mtihani wa marudio, mara mbili. Nibadili nini?
*Mwanafunzi, Mtwara*

Pole. Rangi haina kosa, lakini haikufanyii kazi unayodhani. Ukipitia desa kwa mara ya nne kila mstari unaonekana umeuzoea, na mazoea hayo unayachukulia kuwa ndiyo kujua. Mtihani haukuonyeshi mstari ukauliza kama umewahi kuuona. Unakutaka uutoe kichwani ulikouweka.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine waliisoma tena, wengine waliifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Sapu haifanyiki dakika tano baada ya kufunga daftari.

Basi fanya hivi na dawa za kifua kikuu za mstari wa kwanza. Soma mara moja, funga. Chukua karatasi tupu, chora nguzo tatu: jina la dawa, madhara yake, na utakachomwambia mgonjwa. Jipe dakika kumi. Rifampisini: mkojo wa rangi ya machungwa, nayo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Aisoniazidi: ganzi na kuungua miguuni, ndiyo maana hutolewa na vitamini B6. Pirazinamidi: maumivu ya viungo. Ethambutoli: macho, hasa kutofautisha nyekundu na kijani. Zipi zinagusa ini? Tatu za kwanza. Ukimaliza ndipo ufungue desa na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo rangi yenye faida. Rudia kwa karatasi mpya kesho yake, siku ya nne, baada ya wiki, na baada ya wiki tatu. Kila mara utatumia muda mfupi kuliko wa nyuma.

Wengi huharibu katika mambo matatu. La kwanza ni kuchungulia mapema: ukikwama kaa hapo dakika nzima, maana kule kuhangaika ndiko kunakokaza. La pili ni kujiuliza majina tu. Usijiulize "dawa ipi huleta ganzi" peke yake, jiulize pia "mgonjwa wa mwezi wa pili anasema haoni vizuri rangi ya taa za barabarani, unasimamisha nini?" La tatu ni kusoma mada moja mpaka iishe ndipo uende nyingine. Nimonia, pumu, na moyo kushindwa kazi vyote humleta mgonjwa akihema; vichanganye katika maswali yako, la sivyo utavijua kila kimoja peke yake na kuvichanganya wodini.

Video endelea nazo, ila isimamishe kabla mwalimu hajajibu, ujibu wewe. Na saa nane za usiku ni mapema mno kuamka na ni kuchelewa mno kulala. Kumbukumbu hukaa usingizini.

Nafundisha kupima presha kwa mashine za mkono. Wanafunzi ni 40, mashine tatu, kipindi cha saa mbili. Nikiwaonyesha mbele wote wanasema wameelewa. Wakipima mtu mmoja wanaleta namba sita tofauti, na wanne wanakiri hawakusikia kitu. Je, ni kwamba hawa ni "wa kuona" na kazi hii inataka "wa kusikia"?
*Mkufunzi wa kliniki, Kenya*

La, mwalimu. Wameona, hawajasikia, kwa sababu mbele ya darasa kulikuwa na cha kuona tu. Sauti ilikuwa masikioni mwako peke yako.

Tuanze na ratiba. Dakika 15 za kwanza onyesha kwa wote. Zinazobaki 105 zigawe mizunguko mitatu ya dakika 35. Darasa liwe timu tatu, mbili za watu 13 na moja ya 14. Timu moja iko kwenye mashine, watu wanne au watano kwa kila mashine, hivyo kila mwanafunzi anapata kama dakika saba za mkono wake mwenyewe. Timu ya pili haina mashine: wana futi ya fundi cherehani, wanapima mzunguko wa mkono wa wenzao, wanachagua ukubwa wa mkanda, na wanautafuta mshipa kwa ndani ya kiwiko na kuuwekea alama ya kalamu. Timu ya tatu wanasikiliza sauti zilizorekodiwa kwenye simu huku wakitazama mshale wa mashine kwenye video, na kila mmoja anaandika namba zake kabla ya kuonyeshwa jibu. Hao hawaruhusiwi kuulizana.

Kwenye mashine tumia hatua nne za Rodney Peyton, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza mwaka 1998. Kwanza fanya mwenyewe kimya, kwa kasi ya kawaida ya wodini. Pili, fanya polepole ukisema kila hatua na sababu yake. Tatu, mwanafunzi akuelekeze kwa mdomo, wewe ukifanya anachosema na si zaidi. Akisahau kukuambia ulegeze skrubu ya hewa, kaa umeshika puto la pampu mpaka akumbuke. Nne, afanye mwenyewe akieleza. Hatua ya tatu ndiyo wakufunzi wengi huiruka kwa kubanwa na muda, nayo ndiyo inayokuonyesha nani amekariri mikono bila kujua mpangilio. Hatua mbili za kwanza zinawezekana mbele ya wote. Ya tatu na ya nne ni za kikundi cha wanne.

Katika kikundi kila mtu ana kazi: anayepima, anayepimwa, mwenye orodha hakiki na kalamu, na mwenye sikio la pili. Huyu wa mwisho anahitaji stetoskopu pacha, yenye kichwa kimoja na jozi mbili za masikio. Kama chuo hakina, fundi wa vifaa wa hospitali anaweza kuunganisha mipira ya stetoskopu mbili za zamani kwa kiungo cha njia tatu. Wote wawili wanaandika namba bila kuonyeshana. Tofauti ikizidi 4 (presha husomwa kwa milimita za zebaki), wanarudia baada ya dakika moja au mbili. Hiki ndicho kifaa tungekinunua kabla ya mdoli wowote wa mazoezi wa bei kubwa.

Sasa zile namba sita. Chunguza kwa mpangilio huu.

Mpimwaji alikaa dakika tano bila kuongea? Mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, miguu haijapishana? Mkono uko usawa wa moyo na umeshikiliwa na meza? Mkono ukiwa chini ya moyo kwa sentimita 10, presha inapanda takriban 8, bila ugonjwa wowote. Mkanda je? Mfuko wa hewa ndani yake uzunguke asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba inapanda. Ukingo wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, juu ya ngozi na si juu ya sweta.

Wanaosema hawasikii kitu, kwanza tazama masikio ya stetoskopu. Yanatakiwa kuelekea mbele, upande wa pua. Kisha gonga kichwa cha stetoskopu kwa kidole: kama hakuna mlio, kimegeuzwa upande wa pili. Baada ya hapo ndipo utafute kama wamekiweka juu ya mshipa au pembeni yake. Wasiosikia kitu mara nyingi hukwama katika mambo haya matatu.

Kisha kujaza hewa. Wengi hupandisha hadi 200 kwa kila mtu, au hadi 140 "maana ni kijana". Ashike mshipa wa kifundo cha mkono, ajaze mpaka mapigo yapotee, aongeze 30. Akiruka hatua hii, kwa mgonjwa mwenye presha ya juu anaweza kuanzia katikati ya kipindi cha ukimya kinachotokea kwa baadhi ya watu kati ya sauti ya kwanza na ya mwisho. Ataandika 150 kwa mtu mwenye 190, na hatajua.

Kushusha ni milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Akishusha haraka, namba ya juu inatoka ndogo na ya chini inatoka kubwa. Mwambie mwenye orodha ahesabu kwa sauti ndogo "moja, mbili, tatu", na kila tamko mshale usishuke zaidi ya alama moja au moja na nusu. Alama za mashine hizi zimetengana kwa 2. Kwa hiyo anayekuletea 125 juu ya 75 hakuisoma mashine, ameitunga. Na darasa zima likileta 120 juu ya 80, usifurahi.

Barua yako haikusema wanapimana wao kwa wao au vipi. Vijana wa miaka ishirini wote wana presha inayofanana, na hilo linawapa jibu mapema. Mara moja kwa mwezi omba kibali, uwapeleke sita sita kliniki ya presha.

Mimi ni shoto. Kila hatua ya kuweka kanula (mrija mwembamba wa mshipani) imeandikwa kwa mkono wa kulia na mwalimu ananirekebisha. Nilazimishe mkono wa kulia?
*Mwanafunzi wa uuguzi, Tanga*

Usilazimishe. Shika sindano kwa kushoto, vuta ngozi kwa kulia, na uhamishe trei upande wa kushoto kabla hujavaa glavu, si baada. Kwa mazoezi ya mwanzo mwombe mwalimu akae mkabala nawe badala ya ubavuni. Ukimtazama mtu wa kulia kwa mbele utaona mikono yake kama kwenye kioo, na ndiyo mikono yako.

Sisi wakunga tunapelekwa semina ya kuhuisha watoto wachanga. Tunarudi tumefaulu, na cheti. Baada ya miezi mitatu mtoto akizaliwa hajalia, mikono inatetemeka kama hatukwenda. Semina ifanyweje ikae?
*Mkunga, Manyara*

Dada mkunga, jibu la swali lako lilipatikana mkoani kwako. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilikuwa kati ya za kwanza kutumia mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, yanayojulikana kwa kifupi kama HBB (Helping Babies Breathe), yaliyozinduliwa mwaka 2010. Watafiti walipima kabla na baada ya kozi ya siku moja. Kwa mdoli, wahudumu walifanya vizuri zaidi. Kwa watoto halisi katika chumba cha kujifungulia, hakuna kilichobadilika. Ndipo hospitali ikageuza mpango: mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini, na ya dakika 40 kila mwezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2.

Walimu wa zoezi hawakuongezwa ustadi wowote wa ajabu. Mdoli ulitoka kabatini ukakaa pale mtoto anapozaliwa.

Kwa zamu yenu: mdoli, begi la kupumulisha na barakoa mbili, ya kawaida na ya njiti, viwe juu ya meza ya kupokelea mtoto, kabati lisifungwe kwa kufuli. Kila anayeingia zamu siku aliyopangiwa anafanya zoezi moja, mwenzake ameshika saa. Kausha, sugua mgongo, na kama hapumui, hewa ya kwanza iingie kabla ya sekunde 60 tangu azaliwe. Kasi ni pumzi 40 kwa dakika: bonyeza kwa "moja", achia kwa "mbili, tatu".

Kosa la kawaida ni barakoa kuvuja, nalo halionekani mpaka utazame kifua. Kifua kisipopanda, usiongeze nguvu kwanza. Weka barakoa upya, ishike kidevu na isikandamize macho. Rekebisha kichwa, maana wengi hukiinamisha nyuma mno na njia ya hewa hubanwa. Safisha mdomo na pua kama kuna ute. Fungua mdomo kidogo. Hapo ndipo ubonyeze kwa nguvu zaidi. Baada ya zoezi, dakika moja ya maswali mawili tu: sekunde ngapi hadi pumzi ya kwanza, na kifua kilipanda kwa pumzi ya ngapi. Andikeni kwenye daftari lililofungwa kamba mezani. Msiandike majina, au baada ya wiki mbili hakuna atakayetaka kufanya mbele ya mwenzake.

Nina alama nzuri za nadharia ila sina kichwa cha hesabu. Matone ya dripu na dozi za watoto zinanikimbia. Kuna njia ya mtu asiye wa hesabu?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Hesabu ya wodini ni kuzidisha na kugawanya, basi. Kinachokuangusha huenda ni kwamba unaruka kutoka mfano wa mwalimu hadi swali zima bila ngazi ya katikati. Fanya hivi: nakili mfano mmoja uliokamilika. Wa pili uandike wote isipokuwa mstari wa mwisho, uujaze wewe. Wa tatu acha mistari miwili ya mwisho. Wa nne ufanye wote.

Mfano. Mililita 500 kwa saa 4, seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita. Saa 4 ni dakika 240. Matone yote ni 500 mara 20, yaani 10,000. Gawa kwa 240: ni 41.7, weka 42 kwa dakika. Mbele ya mgonjwa huhitaji dakika nzima. Katika sekunde 15 uhesabu kumi au kumi na moja. Wanaokosea hapa husahau kubadili saa kuwa dakika, au hutumia 20 kumbe seti ni ya watoto yenye 60. Namba imeandikwa kwenye pakiti. Isome kabla hujaitupa.

Dozi: mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, sharubati yenye miligramu 120 katika mililita 5. Anahitaji 12 mara 15, yaani 180. Gawa 180 kwa 120 upate 1.5, zidisha kwa 5: mililita 7.5. Kabla ya kuandika, jiulize kwa jicho: 180 ni kubwa kidogo kuliko 120, basi jibu lazima lizidi kidogo 5. Ukipata 75 au 0.75 umehamisha nukta, na nukta ndiyo inayoua. Andika 0.5, kamwe usiandike .5, andika 5, usiandike 5.0.

Sindano za vichanga zina mtego mwingine. Jentamaisini ya miligramu 80 katika mililita 2 ni 40 kwa mililita. Kichanga wa kilo 3 aliyeagizwa 5 kwa kilo anahitaji 15, yaani mililita 0.375. Bomba la mililita 5 lina mistari ya 0.2; huwezi kupima hapo, utakisia. Chukua la mililita 1, uvute 0.38.

Na fanya kwa Kiswahili, kwa sauti, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Kwa wengi wanaosema hawana kichwa cha hesabu, kikwazo ni sentensi ya swali.

Jipime: (a) lita 1 kwa saa 6, seti ya 20, (b) mtoto wa kilo 9, sharubati na dozi ileile ya parasetamoli, (c) mililita 100 kwa dakika 30, seti ya 20.

Majibu: (a) matone 56 kwa dakika, (b) mililita 5.6, (c) matone 67 kwa dakika.